Maji ya Chome Hutoka Wapi?

Kila siku wafanyakazi wengi husafiri kwa mabasi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Wapitapo Hedaru na Makanya wengi wao huwa wamelala, na walio macho hutazama mbele wakiutafuta mlima Kilimanjaro. Ni wachache mno wageuzao shingo kutazama mkono wa kulia, ambako Milima ya Upare imesimama kama ukuta, vilele vyake vimevikwa mawingu hata siku ambayo huku bondeni vumbi latimka na mbuzi wanagombea kivuli chini ya migunga. Sisi nasi tumepita njia hiyo mara nyingi, tukiwa miongoni mwa hao waliolala. Safari hii tuliteremka Same, tukaazimu kuyapanda mawingu yale tuone kilichomo ndani yake.

Tuliambiwa kwamba juu ya kijiji cha Chome, ndani ya msitu, yako maporomoko ya maji ambayo hayaonekani mpaka mtu ameyafikia. Hatukwenda kwa ajili ya kustarehe tu. Tulitaka kujibu swali moja ambalo mkulima wa bondeni alipata kutuuliza, nasi tukakosa jibu: "Ninyi mwandikao magazeti, hebu nielezeni, maji yangu yamekwenda wapi?"

Yafaa kwanza msomaji ajue hali ya nchi ile. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja na unyevu wake; zikigonga milima hupanda, hupoa, na kuangusha mvua. Upande wa magharibi, uliko mji wa Same na uwanda wa Makanya, hubakiwa na masazo. Ndiyo sababu mtu aweza kusimama Same katika jua kali, akaona kwa macho yake mvua inyeshayo mlimani asipate tone. Kilele cha Shengena, kilicho juu kuliko vyote katika Milima ya Upare, kina kimo cha zaidi ya mita 2,460, na msitu unaokizunguka una eneo la zaidi ya hekta 14,000. Leo msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mgeni hana budi kupata kibali kabla ya kuingia. Nasi tulikipata.

Alfajiri tulitoka kijijini pamoja na mzee mmoja aliyekubali kutuongoza. Alikuwa amevaa koti kuukuu na viatu vya mpira, na mkononi ameshika panga. Alitutazama viatu vyetu vya mjini, akatabasamu, akasema, "Wanangu, leo mtajua kwamba mlima hauna lami." Tulipita mashamba ya mahindi na maharage na migomba, tukavuka mifereji miembamba iliyochimbwa kwa ustadi ubavuni mwa mlima, kisha tukafika mpakani mwa msitu. Hapo joto likatuacha kana kwamba tumefunga mlango nyuma yetu.

Ndani ya msitu ule mtu hatembei kwa kiburi. Njia ni nyembamba, mizizi imetambaa juu ya ardhi, na matawi yameinama hata yakufanya nawe uiname. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hatukupata kulielewa neno lile kwa magoti yetu mpaka siku hiyo. Miti imefunikwa ukoga, na ukungu upitapo katikati ya majani huacha matone, matone yakaanguka chini, ingawa mvua hainyeshi. Juu vichwani mwetu tulisikia mbega wakirukaruka. Mzee alituonyesha pia kindege kidogo chenye duara jeupe kulizunguka jicho. Wataalamu wa ndege wasema kwamba aina hiyo haipatikani mahali pengine po pote duniani ila katika milima hii ya Upare ya Kusini. Tulimtazama kwa heshima, maana ni mwananchi asiye na nchi nyingine ya kukimbilia.

Baada ya mwendo wa saa mbili tulifika mahali penye mwanga kuliko inavyopasa msituni. Palikuwa na kisiki kipana ambacho watu watatu wangeweza kukikalia bila kubanana, na karibu yake shimo refu lililoanza kufukiwa na majani. Mzee akasimama. Akatueleza kwamba hicho kilikuwa kisiki cha mkulo, mti ambao mbao zake hunukia kafuri na haziliwi upesi na wadudu. Shimo lile lilikuwa la kupasulia mbao: mmoja husimama juu, mwenzake chini, na msumeno katikati yao.

"Mimi nilikuwa wa chini," akasema.

Tulinyamaza. Naye akaendelea bila kuulizwa: alikuwa kijana, hana shamba la kutosha, na mtu kutoka mjini alikuja na fedha. Walipasua usiku, wakabeba mbao vichwani kabla ya mapambazuko. "Fedha ile ililipa ada ya shule ya mwanangu wa kwanza," akasema, "kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikufaidika. Lakini mti huu ulinikuta hapa, na baba yangu ulimkuta hapa, na babu yangu pia. Mjukuu wangu atakuta kisiki."

Hapa yatupasa nasi kukiri jambo. Miaka iliyopita, katika nyumba tuliyokaa mjini, lilikuwamo kabati zuri lililotoa harufu ya kafuri kila lilipofunguliwa. Tulilisifu mbele ya wageni. Hatukuuliza hata siku moja mbao zake zilitoka msitu gani, wala kama zilikuwa na hati. Mpasuaji aliye shimoni huonekana na kukamatwa; mnunuzi aliye sebuleni hakamatwi, ijapokuwa pasipo fedha yake msumeno ungelala. Twaandika haya si kwa kuwalaumu wengine, bali kwa kuwa tulikaa juu ya kisiki kile tukaona haya.

Tuliendelea kupanda, kisha tukateremka korongo kwa kushika mizizi. Sauti ya maji ilitutangulia. Ilianza kama upepo wa mbali, ikawa kama gari la moshi lipitalo darajani. Mzee akakata tawi moja kwa panga, akasogea kando, nasi tukayaona.

Maji yalikuwa yakishuka kutoka mwambani kama nguo nyeupe iliyoanikwa, yakavunjika juu ya mawe meusi, yakatulia katika kidimbwi safi hata chembe za mchanga zikaweza kuhesabiwa. Pande zote mbili palisimama kangaga refu lenye shina kama mnazi mchanga. Jua lilipenya kidogo tu. Tulikunywa kwa viganja, na meno yakatuuma kwa baridi. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno.

Ndipo mzee akatuuliza, "Mvua ya mwisho ilinyesha lini huku?" Tukasema hatujui. Akasema zimepita wiki kadhaa. Basi maji haya yatoka wapi? Akachukua jani bichi, akafukua udongo mweusi kwa panga, akaubana mkononi. Maji yakachuruzika katikati ya vidole vyake. Hilo ndilo lililokuwa jibu tulilolifuata. Msitu huipokea mvua, huiingiza katika udongo wenye majani na mizizi, kisha huitoa polepole siku hata siku. Ukifyekwa, mvua ile ile hushuka kwa siku moja na matope yake, na kesho yake mto ni mawe matupu.

Kesho yake tuliyafuata maji kuelekea chini, maana safari ya kwenda maporomokoni haijakamilika mpaka mtu ameona yaendako. Katika milima hii ya Upare wazee walibuni chombo chao kiitwacho ndiva, yaani bwawa dogo la udongo na mawe lililojengwa mwishoni mwa mfereji. Usiku, watu walalapo, mfereji huijaza ndiva. Asubuhi tundu lake hufunguliwa, na maji yaliyokusanyika hutoka kwa nguvu, yakafika shamba la mbali. Kijito kile kile kingeachwa kitiririke peke yake kingenywewa na udongo njiani. Ndiva ya Manoo, huko Bangalala, imewavuta hata wataalamu wa maji kutoka nchi za mbali kuja kujifunza. Matope yake huondolewa kwa msaragambo, kazi ya watu wote. Na kila mtu ana zamu yake ya maji.

Wapare si wageni wa kushauriana juu ya mzigo wa wote. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, wakashikamana kwa miezi mingi, na wake zao nao wakaingia katika shauri hilo, hata mwishowe kodi ile ikaachwa. Habari hizo ziliandikwa na marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa nchi ile. Lakini kodi ilikuwa na mtoza ushuru ambaye watu waliweza kumwendea. Ukame hauna ofisi.

Kadiri tulivyoshuka ndivyo maneno yalivyokuwa makali. Wa juu walituambia kwamba watu wameongezeka na mashamba yamekuwa madogo, nao hawawezi kuacha kumwagilia. Wa kati walisema kwamba wa juu hufungua usiku zamu isiyo yao. Wa Makanya, walio mwisho wa yote, hawakusema mengi, walituonyesha mchanga. Mara nyingi mto huishia hapo, usiufikie Mto Pangani ila wakati wa mafuriko, nao huyasubiri mafuriko hayo kuyaelekeza mashambani mwao. Kila mmoja alikuwa na haki katika maneno yake, wala hakuna hata mmoja wao aliyepata kuyaona maporomoko yale.

Basi twawaambia nini wasomaji wetu? Hatusemi kwamba kila mtu apande Chome, ingawa apandaye hatajuta. Twasema kwamba yapasa wagombanao juu ya zamu wapande pamoja angalau mara moja, wa juu na wa kati na wa mwisho, wainame chini ya matawi yale yale, kisha wakae kuzungumza. Na sisi wa mijini, tununuapo kitanda au mlango, tuulize hati ya mbao kabla ya kuuliza bei. Ni swali dogo, lakini lafika hata shimoni mwa mpasuaji.

Tulipoagana na mzee pale Chome tulimpa mkono na shukrani. Akatuomba jambo moja: tumwambie yule mkulima wa bondeni kwamba maji yake hayajapotea. "Mwambieni yako," akasema, "ila walinzi wake ni wachache." Salamu hizo tumekwisha kuzifikisha.