Ramani za Pande Tatu: Undani wa Picha Si Uhakika wa Kipimo

Mkazi wa Tanga anayefungua ramani ya pande tatu mtandaoni anaweza kuitazama Milima ya Usambara ikiinuka juu ya Mombo, kisha akashuka hadi mdomo wa Mto Pangani bila picha kukwama, hata kwenye simu ya kawaida. Urahisi huo unatokana na utaratibu unaojulikana kama viwango vya undani.

Katika utaratibu huo, uso wa dunia hugawanywa katika vipande vya mraba. Kiwango cha kwanza kina kipande kimoja kinachobeba dunia nzima; kinachofuata kina vipande 4, kisha 16, na kila hatua huzidisha idadi mara nne. Programu huleta vipande vyenye undani mkubwa kwa eneo lililo karibu na mtazamaji, na vyenye undani mdogo kwa milima iliyo mbali. Hivyo data zinazopakuliwa hupungua na picha hujitokeza kwa haraka.

Hata hivyo, undani huo una mpaka wake. Chanzo kimojawapo kinachotumika sana ni vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Vipimo hivyo hutoa mwinuko mmoja kwa kila mraba wenye upande wa takribani mita 30. Ramani inapokuzwa kupita hapo, programu hujaza nafasi iliyobaki kwa kukadiria. Haiongezi taarifa mpya.

Mradi huo ulikusudia kosa la mwinuko lisizidi mita 16. Kwa Lushoto, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, tofauti hiyo haibadilishi sura ya mlima. Kwa Pangani, ambako baadhi ya makazi yako mita chache tu juu ya bahari, inaweza kufanya eneo la mafuriko lionekane salama. Aidha, rada hiyo haikupenya vyema majani ya miti, hivyo misitu ya mikoko huweza kuonekana kama ardhi iliyoinuka.

Kwa sababu hiyo, ramani ya mtandaoni inafaa kwa kufundishia, kuelewa mandhari na kupanga safari. Anayekusudia kununua kiwanja au kujenga karibu na ufukwe anapaswa kutumia vipimo vya mpima ardhi aliyesajiliwa na kupata ushauri wa halmashauri husika kabla ya kuchimba msingi.