Mbwa Anayechechemea: Usimgawie Tembe Zako

Mgonjwa akishaandikiwa dawa ya magoti, mara nyingi hubakisha swali moja mpaka ashike kitasa cha mlango. "Daktari, je, hizi tembe naweza kumkatia mbwa wangu nusu? Naye siku hizi anachechemea." Mimi ni daktari wa watu wala si wa mifugo, lakini swali hilo nimeulizwa mara nyingi hata nimeona heri nilijibu hapa, wengi wapate kusikia. Jibu ni la. Usimpe nusu, wala usimpe robo.

Anayeuliza hana kosa, kwani ugonjwa wenyewe hufanana. Mifupa inapokutana kwenye kiungo, ncha zake hufunikwa na gegedu, kitu laini na chenye utelezi. Gegedu likichakaa, kiungo huvimba, hukakamaa na kuuma. Hivyo ndivyo anavyoumwa nyanya wa miaka 70, na ndivyo anavyoumwa mbwa wa miaka 9. Kinachotofautiana ni jinsi tumbo, ini na figo zao zinavyoihimili dawa. Hapo ndipo huruma ya mwenye mbwa hugeuka sumu.

Kwa nini dawa zetu humdhuru

Chukua ibuprofeni, ambayo karibu kila nyumba mjini inayo. Katika mwili wa mbwa dawa hii hukawia kutoka kuliko katika mwili wa mtu. Siku mbili tatu za tembe zinaweza kumtoboa vidonda vya tumbo, na kipimo kikubwa huharibu figo. Diklofenaki na indomethasini ni hatari vivyo hivyo. Parasetamoli, ambayo sisi huiona kuwa dawa ya upole, ikizidi huunguza ini la mbwa na kuizuia damu kubeba hewa safi. Kama nyumbani una paka pia, jua kwamba tembe moja tu ya parasetamoli inaweza kumuua.

Msomaji anaweza kusema, "Mbona daktari wa mifugo alimpa mbwa wa jirani meloksikamu, na hata mimi natumia hiyo hiyo?" Ni kweli, zipo dawa zinazotumiwa na pande zote mbili. Lakini tazama kipimo. Mbwa wa kilo 20 kwa kawaida hupewa takriban miligramu 2 kwa siku, ilhali tembe ya mtu mzima huwa na miligramu 7.5 au 15. Ukimpa tembe moja ya miligramu 15 umempa dawa ya wiki nzima kwa siku moja.

Onyo jingine ni kuhusu prednisoloni na dawa za jamii yake, ambazo wengine huzinunua dukani bila cheti. Hizi zikichanganywa na dawa za maumivu nilizotaja, hatari ya tumbo kutoboka huongezeka maradufu. Kwa hivyo ukifika kwa daktari wa mifugo, mwambie kila kitu ulichompa mbwa, hata kama unaona haya.

Ikiwa mbwa tayari amemeza tembe zako, usingoje dalili. Mpeleke mara moja pamoja na pakiti ya dawa, ili daktari aone ni dawa gani na ni nyingi kiasi gani. Usimnyweshe maziwa au mafuta ukidhani utaiua sumu. Dalili za kutisha ni kutapika, kukataa chakula, kinyesi cheusi kama lami, ufizi uliopauka, na kunywa maji na kukojoa kupita kawaida.

Mbwa haumwi kwa kelele

Watu wengi huniambia, "Lakini halii, kwa hivyo haumwi." Mbwa mwenye maumivu ya viungo ni nadra kulia. Utamjua kwa mambo madogo. Asubuhi huinuka kwa taabu, kisha akitembea kidogo hunyooka. Haruki tena kuingia garini. Hakulaki langoni. Hulamba kiungo kimoja mara kwa mara, na ukimgusa nyonga hukoroma au hugeuza kichwa ghafla. Sisi husema amezeeka au amekuwa mvivu, ilhali anateseka.

Mwache atembee taratibu mahali palipo sawa, umtazame. Kama mguu wa mbele ndio mbovu, kichwa huinuka mguu huo unapokanyaga, na huinama mguu mzima unapokanyaga. Kama ni wa nyuma, angalia nyonga ipandayo na kushuka kuliko mwenzake. Kisha tazama wayo, maana wakati mwingine shida nzima iko hapo: mwiba, kigae cha chupa, ukucha uliojikunja na kuingia nyamani, au funza, ambao huwaingia mbwa kama wanavyowaingia watu.

Usipoona kitu wayoni, umri wake utakupa fununu. Mbwa mchanga wa aina kubwa, kama German shepherd, Rottweiler au Labrador, huenda ana kasoro ya nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye tundu lake. Mtoto wa mbwa anayelishwa ugali mtupu au nyama tupu hukosa kalisi ya kutosha, na mifupa yake hupinda au kuvunjika ovyo. Mbwa mzima aliyekuwa akikimbia vizuri kisha akaanza kuinua mguu wa nyuma huenda amekatika kano iliyo ndani ya goti. Mzee aghalabu ni gegedu lililochakaa. Na mbwa wa umri wowote mwenye homa, asiyekula, na ambaye leo anachechemea mguu huu na kesho ule, huenda ana maradhi yaletwayo na kupe.

Magonjwa haya hayatibiwi kwa dawa moja. Kano iliyokatika huenda ikahitaji upasuaji, maradhi ya kupe huhitaji dawa ya kuua vijidudu, na mwiba huhitaji kung'olewa. Tembe ya maumivu, hata isipomuua, ingelificha tu ugonjwa ukaendelea kula ndani.

Wakati wa kutongoja

Mbwa aliyeteguka kidogo lakini bado anaukanyagia mguu, anakula na amechangamka, anaweza kupumzishwa siku moja au mbili bila kukimbizwa. Lakini mpeleke siku hiyo hiyo akiwa hakanyagi kabisa, mguu umepinda, kiungo kimevimba na kina moto, hawezi kuinuka, au amegongwa na gari au bodaboda. Aliyegongwa aweza kuonekana mzima huku akivuja damu tumboni.

Hapa nasema kama daktari wa watu. Mbwa mwenye maumivu humuuma hata yule anayempenda. Waondoe watoto, msemeshe kwa sauti ya chini, na kama hatapiki wala hahemi kwa shida, mfunge mdomo kwa kitambaa kabla ya kumbeba. Tena mbwa aliyelegea miguu ghafla, anayetokwa na mate, aliyebadilika tabia au asiyeweza kumeza, usimfungue kinywa kutafuta mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungie na umwite daktari wa mifugo. Ukiumwa au ukiparuzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, ni nadra mno kupona. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu kufikia 2030, na mchango wako ni kumchanja mbwa wako kila mwaka.

Tiba iliyo mikononi mwako

Dawa ataandika daktari wa mifugo, lakini sehemu kubwa ya tiba ni yako, na ya kwanza ni uzito. Mwaka wa 2002 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo moja kuliko wenzao. Hao waliokula kwa kiasi waliishi karibu miaka 2 zaidi, na maradhi ya viungo yaliwachelewa. Pitisha vidole ubavuni mwa mbwa wako. Mbavu zapaswa kuhisika bila kubonyeza. Usipozihisi, punguza ugali na makombo ya mezani, na umwambie mlinzi na yaya wafanye vivyo hivyo, kwani mara nyingi mbwa hulishwa na watu watatu ambao hawaambiani.

Pili, mwendo. Mbwa wengi wa mjini hufungwa mnyororo mchana kutwa, kisha hufunguliwa usiku wakimbie ua mzima. Kwa viungo vigonjwa hilo ni adhabu mara mbili. Mtembeze kwa kamba dakika 10 au 15 asubuhi na jioni, na uongeze polepole. Kesho yake akiwa na maumivu zaidi, punguza.

Tatu, malazi. Usimlaze kwenye saruji tupu, hasa baridi ya Julai. Gunia lililojazwa nyasi kavu au godoro kuukuu lililoinuliwa juu ya mbao latosha. Kama nyumba ina vigae vinavyoteleza, tandika mkeka anapopita. Kata kucha zake, maana kucha ndefu humfanya akanyage vibaya.

Mtafute daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Walio Nairobi wanaweza pia kufika kwenye kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete. Muulize mambo matatu: mguu huu una nini hasa, dawa hii nimpe kwa siku ngapi, na ni lini figo na ini zake zipimwe. Dawa ikimfaa, usiongeze kipimo kwa akili yako.

Mwisho, leo jioni tazama mahali unapoweka dawa zako. Ziweke juu, kabatini, kwani mbwa hutafuna pakiti nzima kwa dakika moja. Na mtu nyumbani akisema, "Mpe nusu tu," mwambie mbwa ana daktari wake.