Kutoka Java kuingia Python: klasi ngapi mu faili moja?

Mwenye alianzia kwa Java anaingia Python na desturi yake: kila klasi, faili yake. Mu Java, klasi yenye kufunguliwa kwa wote lazima ikae mu faili yenye jina lake. Python, yenye Guido van Rossum alitoa mwaka 1991, haidai hivyo. Faili yenyewe ndiyo moduli. Klasi tatu zenye kutegemeana zinaweza kukaa pamoja.

Ukizitawanya, faili ya kwanza inaita ya pili, ya pili inarudi kuita ya kwanza, programu inaweza kukwama mbele hata ya kuanza. Ordinatere haijaharibika, usilipe fundi! Zirudishe pamoja. Na faili usiiite random.py: itafunika moduli ya Python yenyewe yenye jina lile.