Ubelgiji: Profesa Ferre Laevers na mtoto anayesahauliwa darasani

Katika darasa la watoto wadogo, mwalimu anamwona upesi mtoto anayelia au anayepiga wenzake. Lakini yule anayekaa kimya, bila kusumbua mtu, anaweza kumaliza siku nzima pasipo kuangaliwa. Kazi ya Ferre Laevers, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, inahusu pia mtoto huyo.

Kazi hiyo ilianza kunako mwaka wa 1976, wakati walimu 12 wa shule za watoto wadogo katika jimbo la Flandria walipokutana pamoja na washauri 2 wa elimu. Walijiuliza mtoto anaishi nini darasani, dakika kwa dakika. Waligundua kwamba watoto wengi walikuwa wakikosa mazingira mazuri ya kukua.

Kutokana na hayo, Laevers alileta maswali mawili. La kwanza: je, mtoto anajisikia vizuri? Dalili zake ni utulivu, uchangamfu na kujiamini. La pili: je, amezama katika anachokifanya? Hapo mwalimu anatazama umakini, nguvu na uvumilivu wake.

Kila mtoto anatazamwa kwa muda wa dakika mbili hivi, kisha anapewa alama kuanzia 1 hadi 5. Alama hizo hazipimi akili yake. Hazisemi nani wa kwanza wala nani wa mwisho.

Alama zikiwa chini, mtoto halaumiwi. Mwalimu anachunguza kwanza darasa lake: vifaa vinatosha? Watoto wanapatana? Wanaruhusiwa kuchagua mchezo? Siku imepangwa vizuri? Na yeye mwenyewe, anawasikiliza?

Hapo ndipo suala la kutobagua linapoingia. Kwa kuwa kila mmoja anatazamwa peke yake, mtoto mwenye ulemavu au asiyezungumza lugha ya shule hapotei ndani ya wastani wa darasa. Darasa linaweza kuonekana lenye furaha, kumbe wawili au watatu wako pembeni.

Kunako mwaka wa 2005, njia hiyo iliwekwa katika chombo kilichotengenezwa ili vituo vya kulelea watoto vya Flandria vijipime vyenyewe. Inatumika pia katika nchi nyingine, kama Uingereza. Haihitaji mashine. Inahitaji mwalimu mwenye nafasi ya kusimama kidogo na kumtazama mtoto mmoja, na hilo ni gumu pale ambapo darasa limejaa.