Mchoro Ukiulizwa, "Umejuaje?"

Maiti tatu zimelala chini. Nyuma yake, mbali kidogo, imesimama misalaba mitatu. Ndivyo Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, alivyochora kifo cha Patrice Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Watu hao waliuawa kwa risasi porini Katanga, usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Misalaba haikuwapo. Mchoraji naye, aliyezaliwa mwaka 1947, hakuwapo. Je, tumwite mwongo? Au tuseme "hiyo ni sanaa tu", tupite zetu?

Majibu yote mawili ni mepesi mno, kwa sababu Tshibumba hakujiona mchoraji peke yake. Alijihesabu pia kuwa mwanahistoria. Mwishoni mwa mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, na katika miezi iliyofuata akamletea picha kama mia moja zinazosimulia historia ya nchi yake, ambayo siku hizo iliitwa Zaire. Zinaanzia enzi za mababu, zinapitia ujio wa Wareno na utawala wa Wabelgiji, hadi Mobutu. Za mwisho zinaingia hata wakati ujao, mahali ambapo mwanahistoria wa chuo kikuu hathubutu kutia mguu.

Picha za namna hiyo hazikuwa ngeni mjini. Wachoraji wengi wa Katanga walichora kwenye kitambaa cha mifuko ya unga na kuwauzia wafanyakazi na makarani kwa bei ya kawaida. Wanunuzi walizitundika sebuleni: nguva aitwaye mamba muntu, mijeledi ya wakoloni, vita vya kujitenga kwa Katanga. Walipoulizwa picha hizo ni za nini, neno lililorudi mara kwa mara lilikuwa ukumbusho. Katika Kiswahili cha huko, ukumbusho ni zaidi ya kitu cha kuhifadhi kumbukumbu ya marehemu. Ni kitu kinachomfanya mgeni aliyeketi kwenye kochi aangalie ukutani, aulize, kisha mazungumzo yaanze. Picha ilikamilika iliposemewa.

Fabian alilielewa hilo. Hakuzichukua picha na kuondoka. Alikaa na Tshibumba, akawasha kinasa sauti, wakazungumza kwa Kiswahili juu ya picha moja baada ya nyingine. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1996, kikiwa na picha pamoja na maneno ya mchoraji. Kuhusu ile misalaba, Tshibumba alijieleza bila kusitasita: kwa maoni yake Lumumba alikuwa kwa Zaire kama Yesu, na wale wawili waliokufa pamoja naye walimkumbusha Golgotha. Kwa hiyo hakudai kwamba aliiona misalaba. Alikuwa akitoa tafsiri, na aliitaja kuwa tafsiri.

Sasa tumgeukie msomi aliyeanzia upande wa pili. Mwaka 1951, Mary Leakey, mwanaakiolojia, alifanya kazi katika miamba ya Kondoa, katikati ya Tanzania, akinakili michoro ya kale: watu wembamba warefu, twiga, swala, kwa rangi nyekundu iliyopauka. Alibandika karatasi angavu juu ya mwamba, akafuatisha mistari, kisha akaichora upya na kuitia rangi. Nakala zake zilitoka kitabuni mwaka 1983, na maeneo yenyewe yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Kazi hiyo ni utafiti, hakuna anayebisha. Hata hivyo, fikiria mkono uliokuwa ukifuatisha. Doa hili ni mguu wa mnyama au ni kutu ya jiwe? Michoro mitatu imepandana. Upi utangulie karatasini, upi uachwe? Kila mstari ni uamuzi. Nakala ikishakamilika inapendeza kuliko mwamba wenyewe, na unaweza kuitundika ukutani bila kujali akiolojia hata kidogo. Msomi ametoa sanaa, kama mchoraji wa Lubumbashi alivyotoa usomi.

Basi mpaka haupo kwenye kalamu wala brashi, na cheti cha chuo kikuu hakiutengenezi. Napendekeza tuutafute kwenye swali moja ambalo kila mzee wetu humtupia msimuliaji: umejuaje? Mary Leakey anaweza kujibu: niliweka karatasi pale, nikafuatisha, na mwamba upo, nendeni mkalinganishe. Tshibumba naye anajibu: hili nilisikia, hili nilisoma, hili nimelifikiri mwenyewe. Jibu lake lina sehemu tatu za uzito tofauti, nasi tunaweza kuzipima moja moja. Tunaweza hata kumwambia, "Hapo umekosea." Kazi inayokubali kuambiwa hivyo ni usomi, hata ikiwa na rangi za kung'aa.

Sanaa haidaiwi jibu hilo. Nguva wa sebuleni haulizwi aliogelea mto gani, na hapungukiwi kitu. Tatizo huanza pale picha inapotaka heshima ya ushahidi huku ikikwepa swali: ramani isiyosema vipimo vyake vimetoka wapi, mchoro wa mtu wa kale uliotiwa rangi ya ngozi ambayo mfupa haukuitaja, filamu inayopanga matukio upya kisha ikajiita kumbukumbu. Zinapendeza, zinafanana na elimu, lakini ukiziuliza zinanyamaza.

Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hatima yake haikujulikana. Nyingi ya picha alizompa Fabian zimehifadhiwa Amsterdam. Picha ya misalaba mitatu ikitundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe, mtazamaji atavutiwa na rangi, labda atahuzunika, ataendelea na picha ya jirani. Ikiwekwa pamoja na ile sauti iliyonaswa kwa Kiswahili, mchoraji anarudi kuhojiwa. Kitambaa ni kilekile cha mfuko wa unga. Kilichobadilika ni kama bado kuna wa kumwuliza.