Rwanda: Kwa nini vifaa vya waendesha baiskeli havikubaliani kuhusu vilima vya Kigali

Mwezi Septemba 2025, Kigali ulikuwa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani. Mbio za wanaume za tarehe 28, ambazo Tadej Pogačar wa Slovenia aliibuka mshindi, zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5, na jumla ya mpando ilitangazwa kuwa mita 5,475.

Umbali huo hauna mabishano makubwa. Mpando ndio wenye mgogoro. Waendesha baiskeli wawili wakiifuata njia ile bega kwa bega, kila mmoja na kompyuta yake ndogo kwenye usukani, wanaweza kumaliza wakiwa na hesabu zinazopishana kwa mamia ya mita, na vifaa vyote viwili vikawa vizima.

Chanzo cha kwanza kiko angani. Mfumo wa GPS hukadiria mahali kwa kupokea mawimbi ya setilaiti zilizotawanyika mbinguni. Kwa upande wa kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, setilaiti hukizunguka kifaa na makosa yake husahihishana. Kwa upande wa juu na chini hali ni tofauti: setilaiti zote zinazoonekana ziko juu, na hakuna hata moja chini ya miguu. Ndiyo maana kosa la kimo kwa kawaida huwa kubwa kuliko kosa la mahali, na huongezeka pale kilima au jengo refu linapoziba sehemu ya anga.

Kwa sababu hiyo vifaa vya bei ya juu huiachia barometa kazi ya kupima mwinuko. Hewa ni nzito bondeni na nyepesi kileleni. Katika kimo cha Kigali, ambacho ni takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo hupungua kwa milibari 1 kila unapopanda mita 10 hivi. Barometa huhisi hata hatua chache za ngazi. Hata hivyo, haiwezi kutambua kama mgandamizo umepungua kwa sababu mwendeshaji amepanda au kwa sababu hali ya hewa imebadilika.

Katika nchi za ikweta, mabadiliko hayo hutokea kila siku, hata bila ya wingu. Joto la jua huifanya hewa ya dunia kupanda na kushuka kama maji ya bahari: mgandamizo hufikia kilele karibu saa nne asubuhi, kisha hushuka hadi karibu saa kumi jioni. Tofauti yake ni milibari 3 hivi. Kifaa kilichoachwa mezani kwa saa hizo sita kinaweza kudai kwamba meza imepanda mita 30. Mvua nayo ina hila yake, kwani tone la maji likiziba kitundu cha barometa, kifaa huendelea kusoma hewa iliyofungiwa ndani.

Lakini kosa lililo zito zaidi kwa ukanda huu halizungumzwi sana. Ili kuugeuza mgandamizo kuwa mita, hesabu ya kawaida hufuata jedwali la kimataifa linalochukulia kwamba joto kwenye usawa wa bahari ni nyuzi 15, na kwamba hupungua kwa nyuzi 6.5 kila kilomita moja ya kupanda. Kwa jedwali hilo, Kigali ingekuwa na nyuzijoto 5 hivi. Mkazi wa Nyamirambo angecheka. Mchana wa kawaida mjini humo huwa na nyuzi 23 au zaidi, na hewa yenye joto hutanuka, hivyo mtu hulazimika kupanda zaidi ili mgandamizo upungue kwa kiasi kilekile. Kifaa kisichorekebisha tofauti hiyo humwandikia mita 940 hivi yule aliyepanda mita 1,000. Vingi vina kipimajoto ndani, ila kipimajoto kilichokaa juani kwenye usukani hakiaminiki.

Mlima Kigali wenyewe ulitajwa katika mashindano yale kuwa mpando wa kilomita 5.9 wenye wastani wa asilimia 6.9, yaani takriban mita 400. Barometa ya aina hiyo ingesoma karibu 380. Kwa mbio nzima, upungufu ungezidi mita 300.

Wengine hukimbilia ramani. Programu kadhaa humruhusu mtumiaji kuziacha takwimu za barometa na kuchukua mwinuko wa ramani za kidijitali. Nyingi ya ramani hizo zina asili katika kazi ya Februari 2000, wakati rada iliyobebwa na chombo cha angani Endeavour ilipopima sehemu kubwa ya nchi kavu kwa siku 11. Katika tambarare zinafaa. Rwanda, ambako barabara nyingi zimechongwa ubavuni mwa vilima, zinapotosha: ramani hutoa kimo kimoja kwa eneo lenye upana wa mita 30 hivi, na mahali pakikosewa kwa mita 5 tu, baiskeli huonekana imeruka ukingo au imetumbukia bondeni.

Makosa hayo madogo hujumlishwa, maana jumla ya mpando huongezwa kila kifaa kinapoona kimepanda. Ili mitikisiko isihesabiwe kuwa milima, kila mtengenezaji huweka kizingiti chake. Strava hueleza kwamba huhesabu mpando unapozidi mita 2 mfululizo kwa takwimu za barometa, na mita 10 pasipo barometa. Kuchagua kizingiti tayari ni kuchagua jibu.

Gharama yake ilionekana Juni 2020, pale Lachlan Morton wa Australia alipopanda na kushuka kilima kimoja cha jimbo la Colorado, Marekani, akilenga jumla ya mita 8,848, kimo cha Everest kilichotumika wakati huo. Alimaliza kwa saa 7 na dakika 29, ikatangazwa rekodi. Baadaye ikagundulika kwamba mwinuko uliotumika kuhesabu mizunguko ulizidi ule wa kweli, na kwamba alikuwa bado hajafika. Alilazimika kurudia kazi nzima, safari hii kwa saa 7 na dakika 32.

Morton alikuwa tayari na jina. Kijana wa ukanda huu asiye na kipimo cha nguvu kwenye pedali hukadiriwa nguvu zake kwa mita alizopanda kwa saa. Asilimia 6 ikipotea kwenye barometa, karibu kiasi hicho hupotea kwenye makadirio ya nguvu, na anayeyasoma akiwa Ulaya hawezi kujua. Kinachosaidia ni kuambatanisha jina la mpando na muda uliotumika, kwani Mlima Kigali ni uleule kwa kila anayeupanda, na saa haisumbuliwi na joto. Kwa matumizi ya kila siku, kifaa kiachwe nje kwa dakika kadhaa kabla ya safari, kirekebishwe mahali ambapo kimo chake kinajulikana, kisha kitazamwe tena safari inapoishia palepale ilipoanzia: mita zilizoongezeka au kupungua hapo zimetoka hewani.