Nukta nane badala ya 12: Jinsi ya kuchora mashamba ya ndugu kwa tarakilishi

WAKAZI wa Kisii na Nyamira hawahitaji kufunzwa maana ya mpaka. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kuwa Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Huko Kisii kila kilomita mraba ilibeba zaidi ya watu 900. Mzee akifariki, shamba hugawanywa kwa wanawe, nao wakizeeka hugawa tena. Aghalabu mgawanyo hufuata mteremko. Kila mmoja hupata ukanda mwembamba unaoanzia barabarani, juu mgongoni mwa kilima penye nyumba, ukateremka kupita chai na migomba hadi kijito kilicho bondeni. Ndiposa mashamba ya Gusii, yakitazamwa kutoka angani, huonekana kama mistatili mirefu iliyobanana bega kwa bega.

Kuichora mistatili hiyo katika tarakilishi ni kazi ambayo vijana wengi waliosomea uundaji wa programu huidhania kuwa ya dakika tano. Mtu hupewa orodha ya majiranukta, yaani jozi za nambari zinazotaja mahali pa kila pembe: nambari moja ya upande wa mashariki, nyingine ya kaskazini. Huandika amri, mstatili ukachoreka, kisha akaongeza wa pili na wa tatu. Picha hupendeza. Lakini ikikuzwa mara mia moja, huenda ukaona ufa baina ya ndugu wawili, au shamba la mmoja limelalia la mwenzake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shamba lina upana wa mita 64 kando ya barabara na urefu wa mita 120 hadi mtoni, yaani mita mraba 7,680, zisizofika ekari mbili. Warithi ni watatu. Ukigawa 64 kwa tatu unapata 21.333 na tatu zisizokwisha. Mchoraji akikata hesabu na kumpa kila mmoja mita 21.3, jumla ni 63.9. Sentimita kumi zimebaki bila mwenyewe, kutoka barabarani hadi mtoni, nazo ni mita mraba 12. Akipandisha hadi 21.4, jumla ni 64.2, na ukanda wa mwisho umeingia kwa jirani asiye wa ukoo huo kwa sentimita 20. Sentimita 20 hazitoshi kupanda safu ya chai, ila zinatosha kabisa kuanzisha kesi.

Dawa yake ni kutojumlisha upana uliokwisha kukatwa. Kila mpaka upimwe kutoka mwanzo mmoja: mpaka wa kwanza ni sifuri, wa pili ni theluthi ya 64, wa tatu ni theluthi mbili, wa mwisho ni 64 yenyewe. Zikikadiriwa hadi sentimita, nambari ni 0, 21.33, 42.67 na 64.00. Ndugu wa kati atapata sentimita moja zaidi ya wenzake, lakini hapatabaki ufa wala hapatakuwa na uvamizi.

La pili ni zito zaidi. Mistatili mitatu ikichorwa kila mmoja peke yake, ina pembe 12. Shamba lenyewe, hata hivyo, lina nukta nane tu: nne barabarani na nne mtoni. Nukta nne kati ya zile 12 ni marudio, na kila marudio ni nafasi ya kukosea. Iwapo jiwe moja la mpaka limeandikwa 697,021.33 katika orodha ya kaka na 697,021.48 katika orodha ya mdogo wake, tarakilishi haitauliza swali. Itachora mipaka miwili pale ambapo shambani pana ua mmoja.

Basi nukta ziandikwe mara moja tu, kila moja na jina lake. Za barabarani tuziite A0, A1, A2 na A3. Za mtoni B0, B1, B2 na B3. Shamba la ndugu wa kati halibebi nambari zozote. Linabeba majina tu: A1, A2, B2, B1. La kwanza nalo linataja A1 na B1 zilezile. Mpimaji akisahihisha A1, mashamba yote mawili yanabadilika kwa pamoja. Mfuatano nao uzingatiwe: nukta zitajwe kwa kuzunguka, kwani ukiruka kutoka A2 hadi B1 kabla ya B2, mistari itapishana katikati na mstatili utageuka umbo la kipepeo.

Utaratibu huu una faida nyingine ambayo familia nyingi zingeifikiria mapema. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haimbagui binti. Akijitokeza dada na kudai haki yake, programu iliyoandikwa vyema inahitaji kubadilishiwa tarakimu moja tu, tatu ikawa nne. Mipaka itajipanga upya kwa mita 16 kila mmoja, na nukta zitakuwa kumi. Aliyechora kwa mkono mstatili mmoja mmoja ataanza upya, na pengine atanung'unika kuliko kaka wenyewe.

Lugha nyingi za programu zina amri ya mstatili inayodai pembe moja, upana na kimo. Amri hiyo haifai hapa, kwa kuwa huchora mistatili iliyosimama wima, ilhali milima ya Gusii haikupangwa kwa rula. Tumia amri ya umbo la pembe nyingi, inayopokea nukta zote nne. Aidha, skrini huhesabu kutoka juu kwenda chini katika mazingira mengi ya programu, ilhali nambari za kaskazini hukua kwenda juu. Usipozigeuza, kijito kilicho kusini mwa shamba kitapanda hadi penye barabara. Na kwa kuwa nambari za kaskazini za Kisii hukaribia 9,925,000, toa kwanza kiwango kimoja kutoka kwa nukta zote, la sivyo mchoro utakuwa nje ya skrini.

Tahadhari nyingine ni ya chanzo cha nambari. Ramani za zamani za Kenya zilitegemea mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, na vifaa vya setilaiti hutumia WGS 84. Ukichanganya nukta za mifumo hiyo miwili bila kuzibadilisha, shamba litahama takriban mita 300, labda hadi ng'ambo ya bonde. Simu ya mkononi nayo hukosea kwa mita kadhaa. Katika ukanda wenye upana wa mita 21, hilo si kosa dogo.

Hata mchoro ukiwa safi namna gani, haugawi ardhi. Ugawaji wa shamba la kilimo huhitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi na kazi ya mpimaji mwenye leseni. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema ramani ya msajili huonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale ambapo mipaka imethibitishwa rasmi. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:2,500, mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita hufunika mita 1.25 za ardhi. Sheria hiyohiyo inaizuia mahakama kusikiliza ugomvi wa mpaka kabla msajili hajauamua. Ndugu wanaozozana wataanzia ofisini kwake, na huko wataulizwa jiwe liko wapi.